Raketi yako inashinda wapi? Buti, ofisini, stoo au kabatini wakati wa joto

"Fundi, nyuzi ulizonifungia zimelegea. Hata mwezi haujaisha."

Ilikuwa Februari, kaskazi imekolea. Nikaipokea raketi ya tenisi ya yule kijana, nikagonga nyuzi kwa ukingo wa kiganja. Ukatoka mlio mzito wa chini, kama ngoma iliyosahauliwa kwenye umande. Nikamuuliza ninachowauliza wote wanaoniletea lalamiko hilo msimu wa joto.

"Inalala wapi?"

"Ndani, kabatini."

"Na mchana inashinda wapi?"

Akafikiri kidogo. "Kwenye gari. Nikitoka kazini napitia uwanjani moja kwa moja."

Kazini kwake ni katikati ya mji, na gari huegeshwa mahali pa wazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa tisa. Akicheza siku tatu kwa wiki, raketi yake ilikuwa imeshinda kwenye joto la gari zaidi ya saa themanini ndani ya wiki tatu. Uwanjani ilikuwa imetumika labda saa kumi na tano.

Mimi hufunga nyuzi za raketi Dar es Salaam, na kadiri ninavyopokea raketi za watu ndivyo ninavyoona kwamba swali la usiku tumelijibu zamani. Hakuna anayelaza raketi ya laki kadhaa nje. Kinachozimaliza ni mchana. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeuanzia mchana, ndipo nitaingia nyumbani.

Kwanza, joto linaumiza nini

Wengi wakisikia kwamba joto linaharibu raketi hufikiria fremu kupinda. Kwa raketi za siku hizi hilo si la kwanza kuogopwa. Fremu ya kaboni hutengenezwa kwa kubana kaboni pamoja na gundi ngumu ya epoksi ndani ya kalibu, kisha huokwa kwa joto linalozidi nyuzijoto 100. Gari lililoegeshwa juani halifiki huko. Hofu ya kupinda tuliirithi kutoka raketi za mbao, na kwa mbao ilikuwa na sababu yake, nitaigusa baadaye.

Nyuzi ni jambo jingine kabisa. Lugha yetu imeziita kwa neno moja, nyuzi za raketi na nyuzi za joto, na kwa kazi yangu naona zinastahili: za joto zikipanda, za raketi hulegea. Nyuzi nyingi zinazouzwa leo ni za poliesta au nailoni. Nailoni ikiwa kavu huanza kulainika ndani kwa ndani ikikaribia nyuzijoto 50, na ikiwa imenyonya unyevu hulainika mapema zaidi. Poliesta huvumilia hadi kati ya 70 na 80. Kulainika huku si kuyeyuka, wala hutaona chochote kwa macho. Ni kwamba uzi uliovutwa kwa kilo 24 unapata nafasi ya kujinyoosha kidogo kidogo, na ukishajinyoosha haurudi.

Januari 2014, kwenye mashindano ya Australian Open, Melbourne ilipata siku nne mfululizo za joto lililozidi nyuzijoto 40. Mchezaji Caroline Wozniacki wa Denmark alisimulia kwamba chupa yake ya maji, alipoiweka chini uwanjani, plastiki yake ilianza kuyeyuka kwa chini. Plastiki ya chupa za maji na poliesta ya nyuzi za raketi ni ukoo mmoja. Mteja akiniambia "lakini si plastiki tu, itadhurika vipi?", huwa namkumbusha chupa ile.

Tatu ni mpini. Chini ya gripu, ule ukanda unaozungushiwa mpini, kuna gundi, na gripu yenyewe ni sponji laini ya plastiki au ngozi. Gundi ikipata moto kila siku huteleza, gripu ikaanza kujizungusha mkononi. Ngozi hukauka na kupasuka. Vijibomba vya plastiki vinavyoshika nyuzi kwenye matundu ya fremu navyo huzeeka upesi na kuwa vikavu, na siku ya kufunga nyuzi mpya vinavunjika mkononi mwangu.

Je, fremu basi iko salama moja kwa moja? Sivyo. Raketi ya kawaida ina nyuzi 16 za wima. Kila mmoja ukivutwa kwa kilo 24, kwa hesabu ya mezani hizo za wima peke yake zinakamua kichwa cha raketi kwa zaidi ya kilo 380. Uzi mmoja ukikatika, mgao huo unapotea upande mmoja. Raketi yenye uzi uliokatika ndiyo nisiyotaka kabisa ishinde kwenye joto. Ikikatika, chukua mkasi, kata na zilizobaki, anzia katikati kwenda pembeni, kisha ndipo uipeleke kwa fundi wako hata kama ni wiki ijayo.

Gari juani na gari kivulini

Hapa kuna vipimo vya kweli vya kuegemea. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona State University waliegesha magari juani na mengine kivulini, siku za kiangazi zenye joto la nje la nyuzijoto 38 na kuendelea. Baada ya saa moja, hewa ndani ya magari ya juani ilifika wastani wa 47, viti 51, na dashibodi 69. Yale ya kivulini yalifika 38 kwa hewa, viti 41, dashibodi 48.

Utasema Arizona ni jangwani. Sawa, lakini watafiti wa Stanford walikwisha kuonyesha mwaka 2005 kwamba hata siku ya nyuzijoto 22 tu, siku ambayo Dar tungevaa sweta, gari lililofungwa juani lilifika 47. Kwa wastani ndani kulipanda nyuzijoto 22 juu ya joto la nje ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Jumlisha na 32 zetu za Februari, unapata 54. Hapo nailoni imekwisha kuvuka mpaka wake.

Na kuacha kioo wazi kidogo? Walilipima hilo pia. Halikusaidia sana.

Kwa hiyo kati ya jua na kivuli, kivuli kinashinda kwa mbali. Tatizo la kivuli ni kwamba kinahama. Unaegesha chini ya mwembe saa mbili asubuhi, kivuli kizuri kabisa; saa sita jua liko utosini, saa nane upande wote wa kioo cha nyuma uko nje ya mti. Anayeegesha kutwa inabidi aangalie kivuli cha mchana, si cha asubuhi: upande wa mashariki wa ghorofa au wa ukuta mrefu, kwa sababu baada ya saa saba jua liko magharibi na jengo linakukinga mpaka jioni. Asubuhi gari litapigwa na jua, ndiyo, ila jua la asubuhi si la saa nane. Maegesho ya chini ya jengo ni bora kuliko vyote hivyo, na kwa anayeweza kuyalipia mjadala wa gari umekwisha.

Buti au kiti cha nyuma

Swali hili naulizwa sana, na jibu langu ni buti, ingawa si kwa furaha. Buti halina kioo, jua haliigusi raketi moja kwa moja, na fremu nyeusi au ya bluu iliyokolea haipati ule moto wa kupigwa na jua ambao huzidi hata joto la hewa iliyoizunguka. Kiti cha nyuma chini ya kioo ni pabaya, na pale juu nyuma ya viti, chini ya kioo cha nyuma, ni pabaya kuliko pote. Nimewahi kushika raketi iliyotoka hapo, nikaitoa mkononi haraka.

Lakini buti likishapata moto halipumui. Hewa haipiti, na chuma cha mfuniko kinaendelea kutoa joto hata baada ya jua kupungua. Na ukiwa umeacha humo taulo bichi na fulana ya jana, unaitesa raketi kwa joto la mvuke, ambalo nailoni hailipendi kabisa.

Kati ya viti viwili, yaani chini sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, ni nafasi ambayo watu hawaifikirii. Hewa ya moto hupanda juu, na sakafu ni miongoni mwa sehemu zenye nafuu ndani ya gari. Ukifunika na kanga nyeupe au shuka jepesi na kuweka kinga ya rangi ya fedha kwenye kioo cha mbele, utakuwa umepata nafuu ya kweli kwa saa moja au mbili. Kwa saa tisa, hapana. Na mwizi akichungulia ataona umbo la begi. Buti angalau linaficha. Kwa mji wetu hilo nalo ni la kupimwa.

Begi la kawaida au begi la kuzuia joto

Kampuni za raketi za Wilson, Head na Babolat zote huuza mabegi ambayo mfuko wake mmoja una bitana inayong'aa kama karatasi ya fedha. Bei yake inazidi begi la kawaida, na wateja wangu huniuliza kama inafaa.

Fikiria chupa ya chai. Chupa haichemshi chai. Inachelewesha tu chai isipoe. Bitana ile ni hivyo hivyo kwa upande wa pili: haipoozi raketi, inachelewesha joto lisiingie. Ukitoka nyumbani asubuhi na raketi ya ubaridi wa chumbani, ukasimama sokoni dakika arobaini, ukafika uwanjani, begi hilo limefanya kazi yake na fedha yako haikupotea. Ukiliacha butini kutoka saa mbili hadi saa kumi na moja, raketi itafikia joto la buti vilevile, ila kwa kuchelewa. Kisha jioni, gari likianza kupoa, begi lile lile litaishikilia hiyo raketi kwenye joto wakati kila kitu kingine kinapoa. Jambo hili wauzaji hawalisemi.

Kwa hiyo kwa mtu wa safari fupi nyingi, mzazi anayempeleka mtoto kwenye mazoezi au mchezaji anayekwenda uwanjani kwa pikipiki, begi la kuzuia joto naliunga mkono kabisa. Mgongoni mwa mtu wa bodaboda, begi jeusi la kawaida hupigwa jua njia nzima. Kwa mtu wa kuegesha kutwa, abaki na begi lake la zamani, hiyo nyongeza anunulie nyuzi.

Jambo moja ukishalinunua: mfuko ule wa fedha haupitishi hewa. Usiweke humo viatu vya jasho wala gripu mbichi. Nikifungua mabegi ya watu hukutana na harufu ya ukungu iliyojificha kwenye bitana, na ukungu huo huhamia kwenye mpini.

Buti au chini ya meza ya kazini

Hapa ndipo naweka uzito wangu wote. Ukilinganisha buti la saa tisa na pembe ya ofisi yenye feni au kiyoyozi, hakuna ulinganisho. Ofisi ya nyuzijoto 26 dhidi ya gari la 50. Raketi ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68 na nusu. Inapita chini ya meza, nyuma ya mlango, kando ya kabati la mafaili. Haihitaji begi kubwa la raketi sita. Mfuko mmoja mwembamba unatosha.

Kinachowazuia watu ni haya. Wanaona kuingia kazini na raketi ni kama kutangaza kwamba akili iko mchezoni. Yule kijana aliniambia hivyo hivyo, kwamba bosi wake atamwona vipi. Nikamshauri aongee na mlinzi wa mapokezi. Mlinzi akampa nafasi nyuma ya kaunta yake, penye kivuli kutwa na macho ya mtu juu yake. Hakulipa kitu zaidi ya salamu na soda ya Ijumaa.

Nimeona jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza. Raketi zinazonifikia zikiwa na nyuzi zenye afya zaidi, miongoni mwa za watu wa kipato cha kawaida, ni za vijana wanaopanda daladala. Hawana gari la kuziacha. Raketi inaingia nao darasani, inaingia nao kazini, inakaa kwenye magoti yao. Na vijana hao wengi wanacheza na nyuzi za bei rahisi. Halafu anakuja mtu na nyuzi za bei mara nne yake, zimelegea kabla ya wiki ya pili, kwa sababu ana buti.

Kabati la klabuni

Baadhi ya klabu hukodisha makabati ya chuma kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Kwa joto, kabati hilo ni bora kuliko gari. Kwa unyevu, inategemea liko umbali gani na mabafu. Mvuke wa maji ya moto wa watu ishirini kila jioni unaingia kwenye vitobo vya mlango ule wa chuma na hautoki. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua kabati la mbali na bafu, na la chini usichukue kama sakafu hupigwa deki kila siku. Mengine ni suala la kufuli.

Nyumbani: stoo, juu ya kabati, uvunguni, ukutani

Stoo chini ya bati lisilo na dari ni gari la pili. Bati likipigwa jua kutwa, chumba kidogo kilichofungwa chini yake hakitofautiani sana na buti, na mara nyingi ndimo tunamotupa vitu vya michezo pamoja na jembe na ndoo za rangi. Toa raketi humo leo.

Juu ya kabati la nguo pana kasoro moja ambayo watu hawaioni: hewa ya moto ya chumba hupanda na kukaa chini ya dari. Kama dari ni ya jipsamu na juu yake kuna bati, pale juu ya kabati panaweza kuwa na joto ambalo wewe uliyelala kitandani hulisikii. Ndani ya kabati hilo hilo, kimo cha kiuno, pana nafuu, ilimradi kabati halijaegemea ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni. Weka kiganja ukutani saa kumi na mbili jioni. Ukuta ukiwa na joto, sogeza kabati au sogeza raketi.

Uvunguni ni pa baridi kuliko juu, hilo ni kweli. Lakini uvunguni mwa nyumba za pwani pana vumbi na unyevu wa sakafu, na panya hupita huko. Ukipachagua, raketi iwe kwenye begi lililofungwa na begi lisiguse sakafu. Ubao au kipande cha jamvi kikitangulia chini kinatosha.

Ninachokipenda mimi ni ukuta wa ndani, ule unaotenganisha vyumba viwili na haulioni jua kabisa. Pigilia vijiti viwili vya mbao, ning'iniza raketi kwa kichwa, mpini chini. Hewa ya feni inaizunguka, gripu inakauka, na ukipita unaiona. Kioo cha dirisha kisiielekee.

Na chumba chenye kiyoyozi? Kwa nyuzi ni pazuri sana, hasa usiku. Ila ukitoka na raketi baridi ghafla kwenda nje kwenye hewa ya Mombasa au Dar, unyevu hujikusanya juu yake kama jasho la chupa ya soda. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika kumi na tano hivi, ifikie joto la nje kidogo kidogo, ndipo uitoe.

Pwani na bara hazifanani

Mtu wa Dodoma akisoma haya aelewe kwamba ninaandika nikiwa na jasho la Dar mgongoni. Kwetu unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 75, na huo ndio unaonifanya niogope stoo iliyofungwa kuliko chumba chenye dirisha. Dodoma hewa ni kavu: huko adui wa gripu ya ngozi ni ukavu, na ukungu si hoja. Nairobi joto la chumbani halisumbui. Gari la mchana ndilo la kuangaliwa, maana tumeona gari hufika 47 hata siku ya 22 nje. Kwa jamaa zetu walioko Muscat na Dubai, ambako kiangazi joto la nje peke yake hupita 40, hata dakika kumi za buti ni nyingi, na karibu kila kitu nilichokisema kuhusu "saa moja au mbili" kisitumike huko kati ya Juni na Septemba. Huko raketi iingie na mtu popote anapoingia.

Uzi gani uvumilie maisha gani

Kama maisha yako hayakuruhusu kuitoa raketi kwenye gari, basi chagua uzi unaoweza kuvumilia. Hapa nazigawa hivi, na sina haja ya kuzipa nafasi sawa kwa sababu hazina haki sawa.

Nyuzi za utumbo wa mnyama, siku hizi wa ng'ombe, ni za zamani kuliko zote. Kampuni ya Babolat ilianza kuzitengeneza Lyon, Ufaransa, mwaka 1875. Mpaka leo hakuna uzi unaoshika mkazo vizuri kama huo. Lakini huo ni utumbo. Maji na unyevu huufungua, nyuzinyuzi zake zikaanza kuchanua kama kamba ya katani iliyolowa. Nina mteja mmoja wa makamo, mzee mwenye mkono mwepesi ajabu, anayezipenda nyuzi hizo kwa sababu ya kiwiko chake. Raketi yake huja kwangu ndani ya mfuko, na ndani ya mfuko kuna vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Huvikusanya kwa watoto wake. Kila akibadilisha nyuzi anavibadilisha navyo. Kama huna subira ya mzee yule, na unaishi pwani, fedha yako usiiweke kwenye utumbo.

Nailoni iliyosokotwa kwa nyuzi ndogo ndogo nyingi ni laini kwa mkono na ni ya bei ya kati, ila ndiyo inayoonewa zaidi na gari letu: joto na unyevu kwa pamoja. Kwa raketi ya kulala na kushinda ndani, naipendekeza kwa wachezaji wengi wa kawaida. Kwa raketi ya butini, siipendekezi.

Poliesta inalihimili joto la gari kuliko nailoni, na unyevu haiujali. Lakini hata bila joto hupoteza sehemu kubwa ya mkazo wake katika saa 24 za kwanza na kuendelea kushuka, kwa hiyo usifikiri imekuokoa. Imeanza vibaya tu kwa sababu nyingine. Na ni ngumu. Mtoto au mtu mwenye maumivu ya kiwiko nisingemfungia, hata kama gari lake ni tanuri.

Kuna wanaoniomba niongeze mkazo wa nyuzi kwa pauni moja au mbili (karibu nusu kilo hadi kilo moja) msimu wa joto kwa sababu mpira huruka mbali zaidi hewa ikiwa na moto. Hilo ni sahihi kimchezo. Lakini ukiongeza pauni mbili kisha ukaishindisha raketi butini, umezitoa mwenyewe kabla hujafika uwanjani.

Uwanjani kwenyewe

Kati ya seti na seti, usiilaze raketi kwenye sakafu ya uwanja. Sakafu ngumu ya rangi iliyopigwa jua tangu asubuhi ina joto kupita hewa kwa mbali. Muulize anayecheza pekupeku. Iegemeze kwenye kivuli cha benchi au irudishe begini. Mipira kadhalika: kopo lililofunguliwa likiachwa garini, hewa iliyo ndani ya mipira hupanuka na kupenya mpirani upesi, na wiki ijayo unacheza na mipira isiyodunda.

Raketi za mbao

Wako bado wenye raketi za mbao za baba zao, na huniletea nizitazame. Mara ya mwisho mbao kuonekana Wimbledon ilikuwa 1987. Kwa hizo, hofu ya kupinda ni ya kweli, na ndiyo maana zamani ziliuzwa na kibanio cha mbao chenye skrubu nne. Kama kibanio kipo, kirudishie na uikaze sawasawa kila pembe. Usiiegemeze ukutani. Ilaze bapa ndani ya kabati, na iwe mbali na mchwa, ambao ni hatari kwake kuliko joto.

Kama imekwisha kushinda juani

Usiikimbize kwenye friji. Mabadiliko ya ghafla hayairudishi, yanaongeza unyevu tu. Itoe, iache kivulini penye hewa nusu saa bila kuipiga mpira, kwa sababu nyuzi zikiwa na moto ni laini na kila pigo linazivuta zaidi. Fungua gripu ya juu, ikauke peke yake.

Kisha gonga nyuzi usikilize. Siku unapoichukua kutoka kwa fundi, irekodi kwa simu ikigongwa. Zipo hata programu zinazosikiliza mlio huo na kukukadiria mkazo. Ulinganishe wa leo na wa siku ile. Pitisha kidole kuzunguka fremu, hasa juu ya kichwa chake kushoto na kulia, pale penye namba 10 na namba 2 kama kingekuwa uso wa saa, utafute ufa mwembamba kwenye rangi. Ufa ukinasa ukucha, acha kuichezea hadi fundi aitazame.

Yule kijana wa Februari tulimfungia upya, poliesta ile ile, mkazo ule ule, ili tujue tatizo ni nini. Nikamwambia siku ya kuja kuichukua asije na gari lililoshinda juani. Alikuja na bodaboda, begi mgongoni, saa moja jioni.